Bunduki ya kaliba kubwa: anza na risasi, mbao itasubiri

Anayeagiza bunduki ya nyati au tembo kwa mara ya kwanza kwa kawaida humfikia fundi akiwa na picha ya kitako: mbao ya mjozi yenye michirizi myeusi, nakshi za mkono, labda na kibati cha fedha cha kuandikia herufi za jina. Fundi anayeijua kazi ataisifu picha, ataiweka kando, kisha atauliza utapiga risasi gani. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua urefu wa mtambo (chuma chenye bolti, kinachoingiza risasi na kuifyatua), upana wa magazini, uzito wa bunduki na namna kitako kitakavyofungwa kwenye chuma. Mbao ni jambo la mwisho, ingawa ndiyo inayoonekana kwanza.

Makaratasi hutangulia hata risasi. Katika nchi nyingi mwili wa mtambo wenye namba ndio bunduki kisheria, hata ukiwa hauna mtutu wala kitako, na kwingine mtutu peke yake nao huhitaji kibali. Kibali cha kumiliki, na cha kuingiza ikiwa sehemu zinatoka nje, kipatikane kabla ya malipo ya kwanza. Na kazi ifanywe na fundi bunduki mwenye leseni. Hili si la kujadili.

Risasi ipi

.375 H&H Magnum ilitoka mwaka 1912, na bado ndiyo chaguo lenye majuto machache. Kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greni 300 au gramu 19.4, huondoka kwa takriban mita 770 kwa sekunde kikiwa na jouli kama 5,700. Katika nchi kadhaa zinazoruhusu uwindaji wa wanyama hatari, .375 ndiyo kaliba ya chini inayokubaliwa. Ikiwa bunduki ni moja tu kwa kila kazi, ishia hapo.

.416 Rigby ni ya mwaka 1911, zama za baruti ya kordaiti ambayo shinikizo lake lilipanda vibaya kwenye joto kali. Dawa yake ilikuwa ganda pana lenye nafasi ya ziada. Ndiyo maana hadi leo kikomo chake cha shinikizo kwa CIP, shirika la kimataifa la viwango vya bunduki, ni bar 3,250, wakati .375 H&H inaruhusiwa bar 4,300. Faida yake huonekana juani: ganda halishikani na chemba, tundu la mtutu linalolalia risasi, na bolti hufunguka bila kupigwapigwa. Kichwa ni greni 400, mwendo kama mita 720 kwa sekunde, nguvu karibu jouli 6,700. Gharama yake ni kwamba ganda lina kipenyo cha karibu mm 15 kitakoni na risasi nzima ina urefu wa mm 95, hivyo linataka mtambo mkubwa kwelikweli. Anayetaka nguvu ileile katika mtambo wa urefu wa .375 hutazama .416 Remington Magnum, lakini akumbuke kwamba ganda jembamba hupata nguvu hiyo kwa shinikizo la juu.

Kwenye kaliba ya .458 kuna hadithi fupi ya kujifunza. .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 ilifanywa fupi ili iingie kwenye mitambo ya kawaida. Baruti ikalazimika kubanwa mno ndani ya ganda, na risasi za mwanzo zilizokaa muda mrefu ziliganda baruti, zikawaka ovyo na kupoteza mwendo. .458 Lott ya mwaka 1971 ilirefusha ganda hadi mm 71 na kuondoa tatizo: greni 500 kwa takriban mita 700 kwa sekunde, karibu jouli 7,900. Chemba ya Lott hupiga pia .458 Winchester, jambo linalookoa safari pale begi la risasi linapopotea njiani.

Epuka risasi za kubuniwa na mtu mmoja ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza. Maandishi ya kitakoni mwa ganda yanapaswa kulingana na yaliyochongwa kwenye mtutu. Yasipolingana, maofisa wa forodha na wa mashirika ya ndege wana haki ya kukutilia shaka. Tena, ukiishiwa risasi, hakuna wa kukuazima.

Mtambo

Wateja wengi wa kaliba hizi hutaka mtambo wa aina ya Mauser ya mwaka 1898, na wana sababu. Ukucha mrefu ulio ubavuni mwa bolti huidaka risasi mara tu inapopanda kutoka kwenye magazini, na kuishika hadi iingie chemba. Ukisita katikati, ukarudisha bolti nyuma, risasi hiyo inarudi nayo na kutupwa nje. Kwenye mitambo inayosukuma risasi bila kuikamata, ukirudisha bolti katikati ya safari unaacha risasi moja mbele na kuileta ya pili nyuma yake. Hapo bunduki imeziba, na mnyama hana habari na shida yako. Winchester Model 70 za kabla ya mwaka 1964, Brno ZKK 602 na CZ 550 za ukubwa wa magnum zina ukucha wa namna hiyo, na kuna mitambo mipya ya mtindo wa Mauser inayotengenezwa kwa kazi hii tu.

Kosa la bei rahisi ni kulazimisha risasi ndefu katika mtambo mfupi. Magazini ya Mauser 98 ya kawaida ina urefu wa ndani wa kama mm 84. .375 H&H na .458 Lott zina urefu wa mm 91. Ili ziingie, chuma hukatwa kwenye mteremko wa mbele unaopandisha risasi, na hapohapo upande wa pili wa mteremko ndipo linapoegemea jino la chini la bolti linalozuia mlipuko. Bunduki nyingi zilizokatwa hivyo zimedumu miaka, nyingine meno yake yamerudi nyuma na nafasi ya chemba ikafunguka. Kwa nini ucheze kamari wakati mitambo mirefu ipo?

Muulize fundi swali moja la ziada: je, ukucha unaweza kuruka juu ya ukingo wa risasi iliyodondoshwa moja kwa moja kwenye chemba? Ukucha wa asili wa Mauser haupendi kufanya hivyo. Unataka risasi ipitie magazini. Kwa kuuchonga kidogo mbele, na kuupa nafasi ya kutanuka, fundi anaweza kuuruhusu. Magazini ikiwa tupu na huna muda wa kujaza, utashukuru.

Magazini, mahali pesa zinapokwenda

Hapa ndipo fundi mzuri anapotofautiana na mwenye mashine nzuri tu. Mtu yeyote mwenye lathe anaweza kufunga mtutu mnyoofu. Kuifanya bunduki ipandishe risasi nne mfululizo, bila kukwama, katika mikono inayotetemeka, ni kazi ya siku nyingi za kupiga tupa kidogo na kujaribu, kupiga kidogo na kujaribu tena.

Kanuni ya upana wa sanduku la magazini ni ya kijiometri. Risasi hupangwa kwa safu mbili zinazopishana, na mpango mzuri ni ule ambao vitovu vya risasi tatu zinazogusana hufanya pembetatu ya pande sawa. Upana wa sanduku basi ni kipenyo cha ganda mara 1.866. Kwa .416 Rigby hiyo ni karibu mm 28, kwa .375 H&H, ukipima kwenye mkanda wa ganda, ile pete nene ya chini yake, karibu mm 25.2. Sanduku likiwa jembamba kuliko hapo, risasi huwekeana uzito moja kwa moja na kushikana. Likiwa pana, hulala ubavu kwa ubavu, hubana kuta, na ya juu haijui itokee upande gani. Sanduku hupungua upana kuelekea mbele, kwa kuwa ganda lenyewe hupungua kuelekea bega lake, pale linapoanza kushika kichwa. Ndiyo sababu sanduku la .375 halifai kwa Rigby hata likirefushwa.

Midomo ya juu ya mtambo, inayozuia risasi isiruke nje, ndiyo inayoamua risasi inaachiwa lini. Ikiiachia mapema, inaruka kabla ukucha haujaishika. Ikichelewa, pua inagonga ukingo wa chemba. Ukifikia hatua hii, mpelekee fundi vichwa vyenyewe utakavyotumia, si maelezo yake. Risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, kumi za kila aina, zinatosha: za ncha laini ya duara, na za shaba ngumu zenye pua bapa. Pua bapa ndiyo mtihani. Bunduki inayokula za duara kama siagi inaweza kuzikataa za pua bapa kila ya tatu.

Springi dhaifu hujulikana kwa risasi ya mwisho: inapanda pua ikiwa chini, au haipandi kabisa. Kipandishio chenyewe kiwe na umbo la kuifuata risasi, chenye ngazi upande mmoja. Kifuniko cha chini cha magazini ni chanzo kingine cha aibu, maana teke la bunduki likiwa kubwa na komeo likiwa jepesi, kifuniko hufunguka na risasi zote humwagika miguuni. Komeo liwe ndani ya kikinga kidole, liwe gumu, na lijaribiwe kwa kupiga magazini ikiwa imejaa, si kwa risasi moja moja.

Magazini iliyojaa hufunua jambo lingine pia. Kila mpigo, risasi zilizobaki hurushwa mbele zikagonga ukuta wa sanduku. Ncha za risasi laini hupondeka, na kichwa kisichobanwa vizuri kwenye ganda husukumwa ndani. Pima urefu wa risasi ya mwisho kabla na baada ya kupiga tatu za juu yake. Ukikuta imepungua, risasi zenyewe ndizo zenye kasoro, usimlaumu fundi.

Mtutu na vilengeo

Kwa kaliba hizi mtutu wa mm 560 hadi 610 unatosha. Mrefu zaidi hukwama vichakani bila kuongeza mwendo wa maana. Mzunguko uliozoeleka wa mifereji ya ndani ya mtutu, inayozungusha kichwa, ni mara moja kwa mm 305 kwenye .375, na mara moja kwa mm 356 kwenye .416 na .458. Pete ya mkanda wa kubebea ifungwe kwenye mtutu wenyewe, sentimita tano hadi saba mbele ya mti wa mbele. Ikiwekwa kwenye mbao kama bunduki za kawaida, teke litaikokota ikakate kidole cha mkono wa mbele.

Vilengeo vya chuma ni lazima, hata ukiwa na darubini. Nyuma, mfuo mpana wa umbo la V lisilo na kina. Mbele, shanga kubwa nyeupe au ya dhahabu inayoonekana gizani. Mwambie fundi aache kilengeo cha mbele kikiwa kirefu kuliko inavyohitajika, kwa sababu chuma hupunguzwa, hakirudishwi. Bunduki ikipiga chini, kilengeo cha mbele hupigwa tupa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha umbali kati ya vilengeo viwili kwa kosa ulilopata, gawanya kwa umbali wa shabaha. Vilengeo vikiwa na mm 500 kati yao, na risasi imetua mm 50 chini kwenye mita 50, ondoa mm 0.5. Nusu milimita, basi. Wenye haraka huondoa mbili.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, kuanzia 1 au 1.5, yenye nafasi ya jicho isiyopungua mm 90, juu ya vishikizo vya kufungua kwa mkono. Jaribu kuitoa na kuirudisha mara tano, ukipiga kila mara. Shabaha ikihama, vishikizo ni mapambo. Sefti, yaani kizuia kufyatuka, ya asili ya Mauser husimama wima na kugongana na darubini, kwa hiyo wengi hubadili na kuweka ya nafasi tatu inayolala ubavuni. Kifyatulio kiwe rahisi na kiachie kwa kilo 1.4 hadi 1.8. Vile vyepesi vya mashindano havina kazi kwenye vumbi.

Kitako

Sasa mbao. Mjozi uliokauka vizuri, unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Tazama nyuzi kwenye shingo ya kitako, pale kiganja kinaposhika: zipite moja kwa moja kutoka kwenye mtambo hadi nyuma. Maua na michirizi yakae sehemu ya bega. Mbao yenye maua shingoni ni nzuri kupigia picha, na itavunjika hapohapo.

Kitu kinachopasua vitako vya bunduki kubwa mara nyingi ni ulimi wa mtambo, ile sehemu nyembamba ya chuma inayoingia kwenye shingo. Mtambo ukirudi nyuma hata unywele mmoja, ulimi huo unageuka kabari. Lazima kuwe na upenyo nyuma yake, nusu milimita hadi moja, wa kuonekana kwa macho. Wanunuzi hulalamika kwamba upenyo huo ni kazi chafu, wakitaka mbao ikumbatie chuma kila mahali. Waache walalamike.

Teke lenyewe hupokewa na jino lililo chini ya mtambo. Kuanzia .416 kwenda juu, jino moja halitoshi. La pili hufungwa chini ya mtutu, na bolti mbili za chuma hukingama ndani ya mbao, moja nyuma ya jino la mtambo, nyingine kati ya magazini na kifyatulio, ambako mbao imebaki nyembamba. Meno yote mawili yalazwe kwenye epoksi ili yaegemee kwa wakati mmoja kwa nyuma tu. Mbele, ubavuni na chini yaachiwe nafasi. Kosa linalojirudia ni jino la mtutu kubeba mzigo wote huku la mtambo likielea. Namna ya kulijua: paka masizi nyuma ya meno, funga bunduki, igonge kitakoni kwa kiganja, fungua. Alama za masizi ziwe mbili.

Vipimo vya mwili vichukuliwe ukiwa umevaa nguo za kuwindia. Urefu kutoka kifyatulio hadi kitakoni kwa watu wengi huangukia mm 340 hadi 370. Kipimo cha kweli ni hiki: fumba macho, weka bunduki begani, fumbua. Jicho liwe tayari kwenye kilengeo cha chuma bila kunyanyua shavu. Mgongo wa kitako uwe karibu mnyoofu. Ukishuka sana nyuma, bunduki hupanda na kukupiga shavuni. Shingo iwe imelala wazi kidogo, kidole cha kati kikae mbali na kikinga kifyatulio, la sivyo kila mpigo utakiacha kimevimba.

Teke lipimwe kwa uzito. .30-06 ya kawaida humrudishia mpigaji kama jouli 27; .375 karibu mara mbili ya hapo; .416 karibu mara tatu; .458 Lott hukaribia jouli 100. Kilo 4.2 zinatosha .375, na .458 Lott iwe kilo 4.5 hadi 4.8. Mizani iangukie chini ya magazini. Kipunguza teke cha kwenye mdomo wa mtutu hufanya kazi yake, ila mlipuko wake hurudi masikioni mwa waliosimama ubavuni mwako, na wafuatiliaji wa nyayo hawavai vikinga masikio. Afadhali mpira mzuri wa kitako wa mm 25 na gramu mia chache za ziada.

Kabla ya rangi

Mkataba uandike haya yote kwa vipimo, pamoja na malipo kwa awamu na haki ya kujaribu bunduki ikiwa bado nyeupe, yaani chuma hakijatiwa rangi na mbao haijanywa mafuta. Mwaka mmoja hadi miwili ya kusubiri ni kawaida. Ukilipa yote mwanzoni, huna tena la kumwambia fundi.

Siku ya majaribio, chemba ipimwe kwa geji mbili za chuma: ya kupita iruhusu bolti kufunga na ya kutopita ikatae. Katika nchi za CIP bunduki hupigwa pia kwa risasi za shinikizo la ziada na kutiwa muhuri. Marekani haina sheria ya namna hiyo, kwa hiyo omba fundi akuonyeshe alichofanya. Kisha zungusha risasi bandia: haraka, polepole kabisa, bunduki ikiwa imelala ubavu, ikiwa imepinduliwa juu chini. Halafu za moto, zisizopungua 40, magazini ikijazwa kila mara. Risasi tatu ndani ya mm 50 kwenye mita 100 ni shabaha ya kutosha kwa bunduki hii. Anayekuahidi mm 15 anauza kitu kingine. Laini na ngumu zitue karibu karibu.

Usiifunge kwenye zile stendi nzito za kujazia mifuko ya risasi za chuma ili bega lipumzike. Bega linarudi nyuma na kulipoza teke, stendi hairudi. Nguvu yote huishia kwenye mbao, na vitako vizuri vimepasuka hivyo vikiwa bado kwa fundi.

Baada ya raundi hizo 40, fungua skrubu, toa chuma, na umulike taa nyuma ya ulimi wa mtambo na kwenye ukuta ulio kati ya magazini na kifyatulio. Ufa wa mwanzo huwa mwembamba kama unywele. Ukiuona, irudishe siku hiyohiyo, kabla mafuta ya bunduki hayajaingia humo, maana epoksi haishiki mbao iliyokunywa mafuta.